Kinanda cha jukwaani kwa anayepiga ala zaidi ya moja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huniijia zaidi kutoka kwa wapiga gitaa, saksafoni, tarumbeta na fidla ambao bendi imewaambia, "Na kinanda utashika wewe." Anayekaa kwenye kinanda shoo nzima ataona baadhi ya majibu ni ya ajabu. Hayakuandikwa kwa ajili yake.

Napiga gitaa na saksafoni, sasa nimeambiwa nishike na kinanda. Nitafute kinanda gani?

Usianze na kinanda, anza na mikono. Chukua orodha ya nyimbo za shoo, na kwa kila wimbo andika mkono wa kulia uko wapi na wa kushoto uko wapi, kipande kwa kipande. Mfano: utangulizi ni piano, mikono yote miwili. Ubeti wa kwanza umeshika gitaa. Kiitikio kinataka stringi (sauti ya kundi la fidla) kwa nyuma, ila gitaa bado linapigwa, kwa hiyo mikono imekwisha. Kisha solo ya saksafoni, ambayo nayo inakula mikono yote miwili na mdomo juu yake. Mwisho piano inarudi.

Hapo hapo umeshajua mambo matatu ambayo muuza vinanda hawezi kukuambia. Kwanza, zile stringi za kiitikio hazina mkono wa kuzipiga, kwa hiyo ama mguu uzishikilie ama ziachwe. Pili, kati ya saksafoni na piano ya mwisho una nafasi ya baa mbili (vipimo viwili vya mdundo), labda moja. Tatu, piano ya mikono miwili imetokea mara mbili tu, tena kwa muda mfupi.

Maliza orodha yote namna hiyo. Mara nyingi utakuta piano ya kweli iko kwenye nyimbo tatu au nne. Kwingine kote ni mkono mmoja unaoshikilia kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) ya ogani, au vidole viwili vinavyopiga kile kipande kidogo ambacho wasikilizaji wanakisubiri. Mwenye orodha kama hiyo akirudi nyumbani na piano ya jukwaani ya kii 88 (vibonyezo vyeupe na vyeusi), amenunua kinanda cha mtu mwingine.

Basi kii ngapi? 61, 73, 76 au 88?

Kwa wengi wanaouliza hapa, 61 au 73.

Kii 61 ni oktavi tano. Zinatosha ogani, stringi, brasi (sauti za tarumbeta), sinthi (sauti za kielektroniki) na piano ya mkono mmoja. Zinaanza kubana ukitaka kugawa kinanda, besi kushoto na piano kulia, kwa sababu kila upande unabaki na oktavi mbili na nusu na vidole vinaanza kugombea nafasi. Kii 73 ndizo ninazozipenda. Vinanda vingi vya ukubwa huo huanzia E, ile ile E ya waya mnene wa gitaa la besi, kwa hiyo mkono wa kushoto unapata besi kamili na bado kinanda kinaingia kwenye kiti cha nyuma cha gari dogo.

Kii 88 ni za anayepiga piano hasa. Kama orodha yako ya mikono imejaa "piano, yote miwili", nunua 88 na usimsikilize mtu, mimi nikiwemo.

Kii nzito za piano au nyepesi?

Kii nzito zina nyundo ndani na zinarudisha mguso wa piano. Nyepesi zinasukumwa na springi. Katikati kuna zile zinazoitwa nusu nzito, ambazo kwa kweli ni springi yenye ukaidi kidogo.

Jambo ambalo watu hawalifikirii ni vidole vinavyotoka kwenye ala nyingine. Ukishapiga gitaa la akustika kwa dakika ishirini, mkono wa kushoto umechoka na ncha za vidole zina ganzi. Ukiuhamishia kwenye kii za nyundo, noti za taratibu zinaanza kutoweka moja moja. Na ogani haitaki nyundo kabisa. Mtindo wa ogani ni kuteleza na kiganja kutoka juu hadi chini, na kii za piano zenye mdomo uliochomoza mbele zitakuchubua. Kii za ogani zimekatwa wima mbele kwa sababu hiyo.

Uzito wa kii ndio pia uzito wa begi. Roland RD-2000, yenye kii 88 za nyundo, ina karibu kilo 22. Yamaha MODX6, yenye kii 61 nyepesi, haifiki kilo 7. Na wewe bado una gitaa, saksafoni na stendi za kubeba.

Niwe na kinanda kimoja au viwili?

Kimoja, mpaka orodha ya mikono ikulazimishe. Vinanda viwili maana yake ni stendi ya ghorofa, adapta mbili, kebo nne, na kitu kirefu mbele yako kinachoziba mwendo wa shingo ya gitaa. Anayepiga ogani kulia na piano kushoto kwa wakati mmoja ana sababu. Anayetaka tu sauti mbili tofauti agawe kinanda kimoja.

Kinanda chenye midundo yake kinafaa?

Ukipiga peke yako au wawili, kinafaa sana, na usione aibu. Ndani ya bendi yenye mpiga ngoma, midundo itazimwa na utakuwa umelipia spika na vitufe usivyovigusa. Angalia zaidi matundu ya nyuma: kama hakuna matundu mawili ya kutolea sauti, kushoto na kulia, bali la hedifoni tu, kila shoo itakuwa shida.

Na laputopu?

Inawezekana, na sauti zake zinaweza kuwa nzuri kuliko za kinanda chochote. Kinachoulizwa ni kuchelewa. Unapobonyeza kii, kompyuta inakusanya sampuli za sauti kwenye bafa (hifadhi ya muda) kabla ya kuzitoa. Bafa ya sampuli 128 kwa kasi ya 48,000 kwa sekunde ni takriban milisekunde 2.7, ya 512 ni karibu 10.7. Ongeza muda wa kisanduku cha sauti (kinachounganisha kompyuta na spika) na wa kebo ya USB. Ili usiogope namba hizo bure: sauti hewani husafiri mita 3.4 hivi kwa milisekunde 10, kwa hiyo aliyesimama mita tatu kutoka kwenye spika yake tayari anaishi na kuchelewa huko. Tatizo ni vinapojumlishwa.

Kwa mpiga ala nyingi mimi huona shida kubwa zaidi ni macho. Laputopu inataka kuangaliwa. Ujumbe unachomoza kwenye skrini, kipanya kinapotea, na wewe una tarumbeta mdomoni. Ukiitumia, zima intaneti, zima masasisho, na panga mambo ili usiguse kompyuta tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Programu ya MainStage ya Apple ilitengenezwa kwa kazi hiyo, ila inakubali Mac tu. Kwenye Windows wengi hutumia Cantabile au Gig Performer.

Kinanda kina sauti mia kadhaa. Zipi za muhimu?

Piano, piano ya umeme, ogani, stringi au pedi (sauti laini ya kujaza nyuma), brasi, na sinthi moja yenye makali. Besi pia kama bendi haina mpiga besi. Saba. Zilizobaki ni za kuchezea nyumbani.

Kazi iko kwenye kusawazisha hizo saba. Sauti za kiwandani zimepambwa ili zivutie dukani: mwangwi mwingi, besi nene, upana wa stirio. Ndani ya bendi, piano ya namna hiyo inageuka ukungu. Punguza mwangwi hadi uone aibu, kata besi ya chini kwenye piano kama kuna gitaa la besi, kisha pitia sauti zote ukipiga kodi ile ile kwa nguvu ile ile, na rekebisha sauti moja moja hadi zitoke kwa ukubwa unaolingana. Fanya hivyo kwa ukubwa wa sauti unaokaribia wa jukwaani, kwa sababu masikio husikia besi zaidi sauti inapopanda. Kilichosawazishwa kwa hedifoni usiku wa manane hakitakuwa sawa kesho. Hifadhi, na uzipange kwa mpangilio wa nyimbo za shoo, si kwa aina. Wimbo wa kwanza, sauti ya kwanza.

Nabadilishaje sauti wakati mikono iko kwenye gitaa?

Kwa mguu. Hapa ndipo mpiga ala nyingi anapopaswa kuwa mchaguzi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Vinanda vingi vya jukwaani vina tundu la pedali ambalo unaweza kuliambia: kila nikikanyaga, nenda sauti inayofuata. Ukiwa umepanga sauti kwa mfuatano wa shoo, pedali moja inatosha usiku mzima.

Njia ya pili ni tamu zaidi kwa mpiga gitaa mwenye ubao wa efekti unaotuma MIDI. MIDI imekuwepo tangu 1983 na bado ndiyo lugha ya vyombo hivi: chaneli 16, na namba za sauti 128 kwa kila benki. Ubao wa gitaa ukituma namba kwenda kwenye kinanda, kanyago moja linabadilisha mlio wa gitaa na sauti ya kinanda kwa pamoja. Kuna mtego mmoja utakaokula jioni yako nzima usipoambiwa: vyombo vingine huhesabu kuanzia 0, vingine kuanzia 1. Ukituma 12 na kinanda kikafungua 13, hakuna kilichoharibika, toa moja tu.

Kabla ya kununua, jaribu hivi: shikilia kodi ya stringi, na huku umeishikilia badilisha sauti kwenda piano. Je, stringi zinaendelea hadi uachie, au zinakatwa ghafla? Vinanda vingi vya kisasa huziacha ziendelee, lakini si vyote, na vingine hukubali kwa masharti. Kwa mtu ambaye mkono wake lazima uondoke kwenye kinanda kabla sauti haijaisha, jaribio hili lina uzito kuliko ubora wa piano.

Sasa zile stringi za kiitikio zilizokosa mkono. Kwenye baa ya mwisho ya ubeti, mkono wa kulia unaacha gitaa, unabonyeza kodi, mguu unakanyaga pedali ya kushikilia, mkono unarudi. Kodi inabaki ikilia. Inakufaa kama kodi za kiitikio zina noti mbili zinazofanana zote; shikilia hizo mbili tu, usishikilie kodi nzima. Stringi za noti mbili chini ya kodi nne zinazopita hazimsumbui mtu.

Pedali yangu inafanya kazi kinyume: nikiikanyaga sauti inakatika, nikiiachia inaendelea.

Mguu wako ulikuwa juu yake wakati unawasha kinanda, au pedali ni ya mtindo mwingine. Za kampuni tofauti zinaweza kuwa kinyume kwa umeme. Zima, toa mguu, washa tena. Vinanda vingi hujisoma vyenyewe wakati wa kuwaka. Ikikataa, angalia kama chini ya pedali kuna swichi ndogo ya kugeuza. Pedali za kupandisha na kushusha sauti zina ugomvi kama huo kwenye nyaya zake, na hizo hazitibiki kwa kuzima na kuwasha. Nunua inayotajwa kwenye kitabu cha kinanda chako.

Ukipiga ogani kwa mkono mmoja, tafuta pia pedali ya kubadilisha mwendo wa spika ya kuzunguka, polepole na haraka. Bila hiyo ogani inabaki inalia kama kengele ya mlango.

Nitumie transpozi (kuhamisha noti zote za kinanda juu au chini) ili kinanda kifanane na saksafoni yangu?

Kwa saksafoni ya alto, ukisoma C inalia E flati. Kwa saksafoni ya tena na tarumbeta ya kawaida, C inalia B flati. Kwa hiyo kishawishi kipo: pandisha kinanda nusu toni tatu, na vidole vinafikiri kwa ufunguo mmoja kwenye ala zote mbili. Usifanye hivyo. Siku mpiga besi atakapokuuliza "tuko wapi?" utajibu uongo.

Hata kwa sababu nyingine, transpozi ni ya kuogopwa na anayeondoka kwenye kinanda. Mwimbaji wetu aliwahi kuomba wimbo mmoja ushushwe nusu toni. Nikabonyeza, tukaupiga, ukaenda vizuri. Nikachukua saksafoni nyimbo tatu. Niliporudi, wimbo ulianza na kodi yangu peke yangu: nikapiga C kwa vidole kumi, na bendi nzima ikaingia C. Mimi nilikuwa nalia B. Mpiga besi alinitazama kana kwamba nimemkanyaga. Tangu hapo kila wimbo wenye transpozi una sauti yake iliyohifadhiwa na transpozi ndani yake, ili ukibadilisha sauti tu iondoke yenyewe. Kama kinanda chako kinahifadhi transpozi kwa kinanda kizima na si kwa kila sauti, jifunze wimbo kwenye ufunguo mpya.

Nisimame au nikae? Na stendi ya aina gani?

Simama, isipokuwa unapiga ngoma. Kukaa na kusimama mara kumi kwa saa kunaonekana vibaya na kunakuchelewesha.

Stendi ya X ni nyepesi na ya bei nafuu, ila ukiipandisha hadi kimo cha kusimama inakuwa nyembamba chini na kinanda kinayumba kila unapokanyaga. Ya Z au ya meza ni nzito kidogo lakini inatulia. Weka kimo ambacho viwiko viko juu ya kii kidogo, kisha vaa gitaa na ujaribu tena, maana tumbo la gitaa ndilo litakalogonga.

Kuhusu kupanga: usiweke kinanda kati yako na maikrofoni. Kipange kama herufi L, maikrofoni kwenye kona. Mpiga gitaa wa mkono wa kulia ana shingo ya gitaa inayoelekea kushoto, kwa hiyo kinanda kikae kulia kwake; hapo anageuka nusu tu na kichwa cha gitaa hakipigi kitu. Mwenye saksafoni aweke stendi yake upande mwingine wa kinanda, si nyuma, na asiinamie kinanda huku ala inaning'inia shingoni. Kengele ya alto (mdomo wake mpana) ikigonga kii, watu wa nyuma wanasikia. Wapiga tarumbeta: mnajua maji yanatoka wapi. Msisimame juu ya kinanda. Wapiga fidla, unga wa utomvu wa upinde ukichanganyika na jasho kwenye kii nyeupe unakuwa gundi.

Kinanda nikichomeke wapi?

Si kwenye ampu ya gitaa, ila kwa dharura. Spika yake haijatengenezwa kutoa noti za juu wala besi ya piano. Njia ya kawaida ni kebo fupi kutoka kinanda hadi kisanduku cha DI (kinachoandaa sauti isafiri mbali bila kelele), kisha kebo ya XLR, ile ya maikrofoni, hadi kwa fundi mitambo. Kebo ya kawaida ya jeki isizidi mita tano au sita, ikizidi inaanza kuokota kelele. Kama kuna mvumo mnene usiokoma, DI yenye transfoma huukata mara nyingi.

Kama fundi ana nafasi ya chaneli moja tu, toa sauti kwenye tundu lililoandikwa mono, na nyumbani usikilize piano yako kwa mono kabla hujaenda. Piano nyingi zilizorekodiwa kwa stirio pana hukonda pande mbili zinapochanganywa kuwa moja. Ukikuta yako imekonda, tafuta ndani ya kinanda piano iliyotengenezwa kwa mono. Mara nyingi ipo na haina jina la kuvutia.

Wengine huweka mixa ndogo pembeni yao, kila ala inaingia humo. Inasaidia kwa monita za masikioni. Fundi mitambo, hata hivyo, atapendelea kila ala ije kwake kivyake, na ana haki.

Adapta zangu zinafanana zote.

Ndiyo hatari yenyewe. Pedali nyingi za gitaa ni volti 9 na hasi iko katikati ya plagi. Vinanda vingi vidogo ni volti 12 na chanya katikati, na plagi inaweza kuingia bila kulalamika. Funga utepe wa rangi kwenye adapta na rangi ile ile kwenye tundu lake. Leo, kabla ya kuendelea kusoma.

Cha mtumba kina ubaya?

Hakina, ila bonyeza kila kii, moja moja, kwanza polepole kisha kwa nguvu. Kii inayotoa sauti kubwa ghafla hata ukiigusa kwa upole ina uchafu kwenye raba ya chini, na inasafishika. Tikisa jeki zikiwa zimechomekwa. Kwenye vinanda vya zamani, kama Yamaha DX7 ya 1983 au Korg M1 ya 1988, sauti ulizotengeneza zinashikiliwa na betri ndogo ndani. Ikifa, zinaondoka nayo.

Kinanda cha kuning'iniza begani kama gitaa?

Kama unaweza kukivaa bila kucheka, kivae.

Nifanye mazoezi gani?

Ya kuhama. Nyimbo unazijua. Weka metronomu kwa mwendo wa wimbo, piga baa mbili za mwisho za solo ya saksafoni, tundika ala, kanyaga pedali, piga kodi ya kwanza ya piano. Rudia mara kumi. Ukichelewa mara tatu kati ya kumi, usiongeze haraka, punguza solo kwa nusu baa. Hakuna atakayeidai.

Ukumbi una kinanda chao. Nikitumie?

Kama ni kizuri kuliko chako, ndiyo, ila nenda na pedali yako. Ukifika angalia kwa mpangilio huu: transpozi iko sifuri? A iko 440, yaani tyuni ya kawaida? Mguso umewekwa wa kawaida, au aliyekitumia jana aliuweka ule ambao kila noti inalia kwa nguvu moja? Na kikikataa kulia kabisa ilhali taa zinawaka na sauti imepandishwa, tafuta kwenye menyu ya MIDI neno "Local". Kuna mtu aliyekitumia na kompyuta akaacha limeandikwa "Off". Libadilishe liwe "On".